Safari za Miguu kwa ajili ya Hospitali

Jumapili moja baada ya ibada tulikuwa tumeketi barazani mwa kanisa letu hapa Mpofi, tukingoja mvua ipungue. Kijana mmoja akaniuliza: “Mwalimu, nimesikia redioni ya kuwa katika nchi nyingine watu hutembea kwa miguu kilomita nyingi, na kwa kutembea kwao hospitali hupata fedha. Je, ni kweli?”

Nikamjibu: “Ni kweli.”

Akacheka, akasema: “Kama ni hivyo, sisi wa Mpofi tungalikuwa na hospitali ya ghorofa tatu!”

Wote waliokuwapo wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini jioni neno lile lilinirudia, nikaona si neno la kuchekwa tu. Kijana yule aliuliza jambo la haki. Huku kwetu, katika njia ya Masisi kwenda Walikale, kutembea si ajabu. Mama huenda shambani kwa miguu na mtoto mgongoni. Mchuuzi hupanda milima na bidoni ya mafuta ya mawese. Mgonjwa asiyeweza kukaa juu ya pikipiki hubebwa katika tipoyi, watu wanne chini ya miti yake, na wengine wanne nyuma wakingoja zamu. Tena tumetembea kwa kukimbia vita. Mwezi wa Januari 2025 mji wa Masisi ulishikwa na M23, kisha Goma. Mwezi wa Machi mwaka huo huo vita vikafika Walikale mjini. Wangapi walipita njiani na godoro kichwani! Hakuna aliyewahesabia kilomita.

Basi kwa nini mtu wa mbali akitembea apate mamilioni kwa ajili ya wagonjwa, na sisi tuliotembea tangu kuzaliwa tusipate hata bandeji? Nimelifikiri swali hili siku nyingi, nikatafuta jibu katika mambo yaliyotendeka kweli. Leo nawaletea niliyoyapata.

WALIOTEMBEA NA DAWA

Kwanza tukumbuke ya kwamba katika nchi zetu dawa zenyewe zilifika kwa miguu. Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe, ulitoka Bagamoyo kwenda bara. Hapakuwa na reli wala gari. Kila sanduku lilikuwa juu ya kichwa au bega la mpagazi. Mmoja wao, Padri Pascal, alikufa njiani kabla ya kufika Tabora. Majina ya mapadri yameandikwa vitabuni. Majina ya wapagazi walio wengi hayakuandikwa, ingawa bila miguu yao hakuna hata chupa moja ya dawa ingaliyofika.

Miaka kumi baadaye alikuja mtu mmoja ambaye sisi makatekista twampenda sana, kwa sababu naye alikuwa katekista. Jina lake ni Adrien Atiman. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, upande wa Timbuktu, akakamatwa utumwani angali mtoto. Akavushwa jangwa la Sahara kwa safari asiyoichagua. Huko Aljeria wamisionari wakamkomboa kwa fedha, akapata uhuru. Baadaye Kardinali Lavigerie alimpeleka kisiwa cha Malta ajifunze uganga. Alipomaliza masomo, mwaka 1888, alishika njia ya Afrika ya Mashariki. Kutoka pwani mpaka Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ni zaidi ya kilomita 1000. Alifika mwaka 1889, akakaa huko akitibu wagonjwa mpaka alipokufa mwaka 1956. Hesabuni wenyewe: ni miaka 67.

Tazameni safari mbili za mtu huyu. Ya kwanza alitembea kwa sababu alifungwa. Ya pili alitembea kwa sababu alitaka. Jua ni lile lile, kiu ni ile ile, vidonda vya miguu ni vile vile. Lakini ile ya kwanza ilimpokonya mama na kwao, na ile ya pili iliwapatia watu wa Karema mganga. Tuweke jambo hili moyoni, maana litatusaidia mbele.

KUTEMBEA KWA AHADI

Sasa, desturi ya kutembea ili kuchanga fedha ilianzaje? Kazi yake ni hivi. Mtu anayetaka kutembea huchukua karatasi, akapita kwa jirani na rafiki zake, akawaambia: “Mimi nitatembea maili ishirini siku fulani kwa ajili ya wenye shida. Wewe utanipa senti ngapi kwa kila maili?” Jirani huandika jina na ahadi yake. Mtembezi akirudi, huonyesha ya kuwa amemaliza mwendo, naye hukusanya zile ahadi na kuzipeleka zinakotakiwa. Hivyo mtembezi hatoi fedha zake, maana pengine hana. Hutoa jasho lake, na jasho hilo huwaamsha wenye fedha.

Desturi hii ilienea sana Ulaya na Amerika katika miaka ya 1960. Mwaka 1969, mjini Boston, Marekani, watu wa kituo cha mapadri wa shirika la Paulist walianza matembezi ya namna hii kwa ajili ya wenye njaa, nayo yakawa ya kila mwaka.

Lakini mtu aliyeifanya dunia nzima ijue jambo hili ni kijana wa Kanada, Terry Fox. Mwaka 1977, akiwa na miaka 18, alipata saratani ya mfupa, akakatwa mguu wa kuume juu ya goti. Alipokuwa hospitalini aliwaona watoto wenye ugonjwa ule ule, akashindwa kuwasahau. Tarehe 12 Aprili 1980 alianza kukimbia kutoka pwani ya mashariki ya Kanada kwenda pwani ya magharibi, mguu mmoja wa nyama na mmoja wa bandia. Kila siku alikwenda karibu kilomita 42. Aliomba jambo moja tu: kila mtu wa Kanada atoe dola moja ili waganga wachunguze dawa ya saratani.

Mwanzoni watu wachache walimwangalia. Kuna miji alimopita kama mpita njia tu. Baadaye wakaanza kusimama kandokando ya barabara na kulia. Siku ya 143, tarehe 1 Septemba 1980, alipokwisha kwenda kilomita 5373, kifua kilimbana akaacha. Saratani ilikuwa imefika mapafuni. Hakuona pwani ya magharibi kwa safari ile. Kabla ya kufa kwake, tarehe 28 Juni 1981, alisikia ya kuwa fedha zimepita dola milioni 24, yaani dola moja kwa kila mtu wa nchi yake, kama alivyoomba.

Hapa twapata jambo la kwanza. Watu hawakulipa kilomita. Kilomita 5373 za bure zingalikuwa kilomita tu. Walilipa kwa sababu katika mguu ule mmoja waliwaona wagonjwa ambao hawakuwa wakiwaona. Mgonjwa amelala ndani ya chumba, mlango umefungwa. Mtembezi humtoa nje, akampitisha barabarani mbele ya macho ya watu wote.

NAIROBI: MOYO WA MTOTO NA KITI CHA MAGURUDUMU

Tuje karibu zaidi. Mjini Nairobi iko hospitali ya Mater Misericordiae, iliyofunguliwa mwaka 1962 na Masista wa Huruma waliotoka Ireland. Mwaka 1996 hospitali hiyo ilianza kazi ya kutibu magonjwa ya moyo. Wako watoto wanaozaliwa na tundu moyoni, au ambao moyo wao umeharibiwa na homa ya baridi yabisi. Mtoto wa namna hiyo hachezi na wenzake. Akipanda kilima kidogo hukaa chini akihema. Kumpasua moyo na kumponya kunawezekana, lakini gharama yake humshinda mzazi mkulima hata akiuza ng’ombe na shamba.

Basi mwaka 2003 hospitali ya Mater ilianza mbio na matembezi ya kila mwaka. Watu hununua fulana ya siku hiyo, na fedha za fulana huenda kwa matibabu ya watoto hao. Wenye nguvu hukimbia, na wengine hutembea polepole wakiongea. Baba hubeba mtoto wake mabegani. Mwendo ni wa kilomita chache tu. Mchuuzi wetu wa mawese angaliumaliza kabla ya chai. Lakini kwa kuwa watu ni maelfu, fulana moja moja zimekuwa mioyo mizima ya watoto wengi.

Mwaka 2012 Nairobi hiyo hiyo iliona safari nyingine. Bwana Zachary Kimotho alikuwa mganga wa mifugo. Mwaka 2004 wanyang’anyi walimpiga risasi, uti wa mgongo ukaumia, miguu yake ikafa. Aliona shida wanayoipata watu wa namna yake: baada ya kutibiwa jeraha, hakuna mahali pa kutosha pa kujifunza tena kuvaa, kufanya kazi na kuishi. Mahali pa namna hiyo aliposikia ni Afrika ya Kusini. Basi mwezi wa Juni 2012 akakaa katika kiti chake cha magurudumu, akaanza kujisukuma kwa mikono kutoka Nairobi kuelekea Afrika ya Kusini, safari ya zaidi ya kilomita 4000. Yeye na chama cha wenzake waliopooza walitafuta shilingi milioni 250 za Kenya ili kujenga hospitali ya namna hiyo kwao.

Shauri lao lilikuwa la akili sana. Hawakuwaambia watu: “Msaidieni Zack afike.” Waliwaambia: “Mrudisheni Zack nyumbani.” Maana yake, kama fedha zikipatikana, hapana haja ya kwenda mbali, na kila siku mnayokaa kimya, mtu huyu anazidi kwenda. Watu walituma michango kwa simu, hata shilingi chache. Bwana Kimotho hakufika Afrika ya Kusini. Alirudi nyumbani, kama safari ile ilivyokusudiwa. Na watu waliokuwa hawajafikiri siku hata moja juu ya mgonjwa wa uti wa mgongo walimfikiri kila walipofungua gazeti.

MZEE WA MIAKA MIA NA KITABU CHA HESABU

Nataka niseme pia habari ya mzee mmoja wa Uingereza, kwa sababu ina utamu na uchungu. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipojaza hospitali, mzee Tom Moore, aliyekuwa askari zamani, alikaribia kutimiza miaka 100. Alitembea kwa kushikilia kiunzi cha chuma chenye magurudumu. Akasema atazunguka kiwanja cha nyumba yake, chenye urefu wa mita 25, mara 100 kabla ya sikukuu ya kuzaliwa kwake, tarehe 30 Aprili. Alitumaini kupata pauni 1000 za kuwasaidia waganga na wauguzi. Watu walituma zaidi ya pauni milioni 32. Hesabuni mwendo wake: haufiki hata kilomita tatu.

Huo ndio utamu. Uchungu ulikuja baadaye. Fedha zile za kwanza zilikwenda kwa mfuko wa kusaidia hospitali kama ilivyosemwa. Lakini kwa jina la mzee huyu uliundwa mfuko mwingine wa hisani, na yeye alikufa mwezi wa Februari 2021. Tume ya serikali inayoangalia mifuko ya hisani ilichunguza mfuko huo wa pili, na mwezi wa Novemba 2024 ikatoa taarifa ya kuwa watu wa jamaa yake walichanganya faida yao na mali ya mfuko. Jina zuri la mzee likaingia doa ambalo yeye hakulitia.

Kwa nini naleta habari hii katika gazeti la parokia? Kwa sababu sote twajua yanayotokea hata kwetu. Mara ngapi tumechanga fedha za bati, za daraja au za dawa, na daftari likapotea? Mchango wa pili watu hawaji. Husema: “Tulitoa mwaka ule, tukaona nini?” Hawana uchoyo. Wamechoka kudanganywa. Miguu ya mtembezi huamsha imani ya watu kwa siku moja. Kitabu cha hesabu ndicho kinachoilinda kwa miaka.

MANANASI YA WAMAMA

Pengine msomaji atasema: “Hayo yote ni ya watu wenye fedha. Sisi Kivu tutatoa nini?” Namwomba akumbuke yaliyotokea Bukavu.

Daktari Denis Mukwege alianza kazi katika hospitali ya Lemera, Kivu ya Kusini, mwaka 1983. Aliwaona wamama wakifika wamechelewa sana, baada ya mwendo mrefu, wengine wakitoka damu ya uzazi, na wengine hawakufika hai. Kwa sababu hiyo akaenda Ufaransa kujifunza uganga wa uzazi, kisha akarudi. Mwaka 1996 Lemera ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi mjini Bukavu. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad.

Lakini mimi nataka kusema juu ya mwaka 2012. Tarehe 25 Oktoba watu wenye silaha waliingia kwake kutaka kumwua. Yeye akaokoka, mlinzi wake akauawa. Akaondoka nchini pamoja na jamaa yake. Hapo wamama waliotibiwa naye, na wamama wa kisiwa cha Idjwi, hawakukaa kulia tu. Waliandika barua kuomba arudi. Kisha wakaanza kuuza mananasi na vitunguu ili kukusanya fedha za kumlipia tiketi ya ndege. Wengi wao hawakupata hata dola moja kwa siku. Tena walisema watamlinda wao wenyewe kwa zamu.

Tarehe 14 Januari 2013 daktari alirudi. Kutoka uwanja wa ndege wa Kavumu mpaka Bukavu, mwendo wa kilomita kama 30, watu walisimama kandokando ya barabara kumpokea.

Mwenye mali angaliweza kununua tiketi ile kwa dakika moja. Lakini tiketi ya mwenye mali isingalimrudisha. Alirudi kwa sababu ya mananasi. Aliona haya kukaa mbali na watu waliomtolea hata riziki ya siku.

TIPOYI

Sasa niwaeleze jambo nililolishiriki mwenyewe. Tulimbeba mama mmoja aliyeshindwa kuzaa. Tulitoka na giza la alfajiri, watu kumi na wawili, tukabadilishana kila kilima. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo ulikuwa kama sabuni. Yule aliyekuwa mbele upande wa kushoto aliteleza mara mbili, akapiga goti, lakini mti wa tipoyi haukushuka kutoka begani mwake. Mume alitembea kando akishika mkono wa mkewe. Hatukuzungumza sana.

Tulipofika hospitalini usiku, tuliambiwa tutoe kwanza fedha za kuanzia. Silaumu mtu hapa. Hata hospitali yenyewe ilikuwa haina mafuta ya mashine ya umeme, na dawa za usingizi walikuwa wanunue. Mume alikuwa na fedha kidogo, hazikutosha. Kukawa kimya. Kisha yule aliyepiga goti akatoa noti mbili zilizolowa katika mfuko wa suruali, akaziweka mezani. Mwingine akatoa. Mwingine akavua saa yake. Kila mmoja alitoa alichokuwa nacho. Mama alipasuliwa usiku ule, akapona. Mtoto hakupona.

Njiani tukirudi na tipoyi tupu, mtu mmoja alisema: “Kama fedha zile zingalikuwa tayari, tungaliokoa saa nzima.” Hakuna aliyemjibu. Neno hilo bado liko ndani yangu. Sijui kama saa ile ingalimwokoa mtoto. Najua tu kwamba saa ile ilipotea.

Kijana aliyeniuliza swali lile barazani ndiye yule aliyepiga goti.

WACHUKUZI WA KISIIZI

Basi sikilizeni habari ya mwisho, nayo si ya mbali. Katika milima ya Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, watu tangu zamani walikuwa na vyama vya kubeba wagonjwa. Machela yao huitwa engozi, na chama chao kikaitwa kwa jina hilo hilo; majirani zao wa Rwanda husema ingobyi. Kila nyumba ilikuwa katika chama. Mtu akiugua, wenzake humbeba. Akifa, humzika. Chama kilikuwa na sheria zake na akiba yake ndogo.

Katika milima hiyo iko hospitali ya Kisiizi, iliyoanzishwa na Kanisa la Waanglikana la Uganda mwaka 1958, karibu na maporomoko ya maji. Wakuu wa hospitali waliona ya kwamba wagonjwa hukawia kuja kwa kuogopa gharama, na wengine wakishatibiwa hukosa cha kulipa. Mwaka 1996 walifanya shauri. Hawakuunda chama kipya. Walikwenda kwa vyama vile vya machela wakawaambia: “Ninyi mmezoea kumbeba mgonjwa pamoja mpaka mlangoni kwetu. Haya, mbebeni pamoja na ndani ya mlango.” Kila jamaa ndani ya chama ilitoa mchango kidogo kwa wakati uliopangwa, wakiwa wazima. Mmoja akiugua, alilipa sehemu ndogo tu, na mfuko ukalipa iliyobaki. Maelfu ya watu wakaingia.

Kumbe hata Kongo yetu ilikuwa na jambo la namna hiyo kabla yao. Huko Bwamanda, katika jimbo la Ekwateri la wakati ule, tangu mwaka 1986 watu walianza kutoa mchango wa mwaka kwa hospitali yao, wakatibiwa kwa mchango ule.

Tazameni basi hekima ya watu wa Kisiizi. Wao pia walitembea bila kulipwa na mtu. Lakini walijua ya kuwa mabega yaliyozoea mzigo mmoja yaweza kuchukua na mzigo wa pili.

JIBU LANGU KWA KIJANA

Sasa naweza kumjibu kijana wetu.

Ndugu yangu, ulisema ya kuwa kama kutembea kungaleta hospitali, sisi tungalikuwa nayo ya ghorofa tatu. Hukukosea kucheka. Kutembea kwenyewe hakuna bei. Terry Fox alipita katika miji mingine asipewe kitu, na mzee wa miaka mia alipata mamilioni kwa mwendo usiofika kilomita tatu. Kinachozaa fedha si urefu wa njia. Ni mambo matatu: mtu ametembea kwa kupenda na kwa ajili ya mwingine, watu wamemwona mgonjwa kwa sababu ya mtembezi, na wote wamejua ya kuwa senti yao itafika.

La kwanza sisi tunalo tayari. Ulipopiga goti katika udongo, hukufukuzwa na mtu wala hukulipwa. Ulitembea kama Atiman katika safari yake ya pili.

La pili tunalo nusu. Tunamwona mgonjwa siku ile anapobebwa, machozi yanatoka, mifuko inafunguka. Kesho yake tumesahau, mpaka tipoyi ya pili ipite.

La tatu ndilo tusilo nalo, na hilo halihitaji fedha za mgeni.

Kwa hiyo nashauri hivi. Siku moja katika mwaka, njia ikiwa salama, vijana na wazee wa kila jumuiya tutembee pamoja toka kanisani mpaka kituo cha afya na kurudi, tukibeba tipoyi tupu. Si mbali. Hakuna mtu wa redio atakayekuja, wala haidhuru. Kila nyumba tutakayopita iweke ndani ya tipoyi kitu inachoweza: franga, maharage, mkungu wa ndizi, chupa ya mawese. Vitu viuzwe sokoni mbele ya watu. Fedha zishikwe na watu watatu wa jumuiya tofauti, mama mmoja akiwamo bila kukosa. Daftari lisomwe kwa sauti kanisani kila mwezi: zilizoingia, zilizotoka, zimemsaidia nani bila kulitaja jina lake kama hapendi. Na tipoyi ya kwanza itakayotoka Mpofi usiku itoke na fedha ya kuanzia, imefungwa katika kitambaa.

Najua haya hayatajenga ghorofa hata moja. Hayataleta mganga wa upasuaji, wala hayatatengeneza barabara. Kazi hizo ni za serikali, na tusiache kuidai. Hospitali kuu ya Masisi imesaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka tangu mwaka 2007, tena tunashukuru. Lakini mgeni mwema hawezi kuwa na sisi saa ile mama anaposhikwa na uchungu usiku, katika kilima cha tatu, mvua ikinyesha. Saa ile ni yetu. Tukiweza kuokoa saa moja kati ya zile zinazopotea mezani, tumefanya kazi ya hospitali.

Nilimsomea kijana yule maandishi haya kabla ya kuyatuma. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Mwalimu, ile tipoyi yetu mti mmoja umeanza kuoza. Kesho nitakwenda kukata mwingine.”

Nikamwambia: “Haya, tutakwenda wote.”